Mpumbavu Angelipanga Vipi?

Katika miaka ya 1960, nchini Liberia, mkulima mmoja wa kabila la Wakpelle aliketishwa mbele ya vitu 20. Palikuwapo vyakula, nguo, vyombo vya jikoni na zana za kazi. Mtafiti aliyetoka Marekani alimwomba avipange, vile vinavyokwenda pamoja viwekwe pamoja. Mkulima hakusita. Alitwaa chungwa akaliweka na kisu, kwani kisu ndicho kikatacho chungwa. Alitwaa kiazi akakiweka na jembe, kwani pasipo jembe hapana kiazi. Akaendelea hivyo hadi vitu vyote vikawa viwili viwili, kila kimoja na mwenziwe wa kazi.

Mtafiti alikuwa akitarajia mafungu manne: vyakula peke yake, nguo peke yake, vyombo peke yake, zana peke yake. Katika vitabu alivyosomea, upangaji wa aina hiyo ndio uliohesabiwa kuwa dalili ya akili iliyokomaa, na huu wa kisu na chungwa ulihesabiwa kuwa ni wa watoto wadogo. Alijaribu kwa njia hii na ile. Kila mara alijibiwa kwamba mtu mwenye busara hupanga namna hiyo, na hapana namna nyingine. Mwishowe, huku akikaribia kukata tamaa, aliuliza: je, mpumbavu angelipanga vipi? Hapo hapo mkulima akavikusanya vitu vyote akavitenga mafungu manne safi, vyakula huku, nguo kule, vyombo huku, zana kule, kama vitabu vilivyotaka.

Joseph Glick ndiye aliyekiandika kisa hiki, mwaka 1975. Miaka minne kabla yake, yeye na wenzake, Michael Cole, John Gay na Donald Sharp, walikuwa wameshachapisha kitabu kizima juu ya uchunguzi wao kwa Wakpelle. Tangu hapo kisa kimesimuliwa katika vyuo vikuu vingi, na mara nyingi wasikilizaji hucheka. Wengine humcheka mtafiti, wengine humcheka mkulima, na wote wawili hupitwa na lililo zito. Mkulima yule alizijua njia zote mbili za kupanga. Aliichagua moja, na alikuwa na sababu ya kuichagua. Mtihani uliokusudiwa kupima uwezo wake ulikuwa umepima hiari yake, na lau lile swali la mwisho lisingaliulizwa, daftari lingaliandika kwamba hawezi.

Ni mara ngapi swali hilo halikuulizwa? Sehemu kubwa ya historia ya elimu ya nafsi, ambayo jina lake lililozoeleka siku hizi ni saikolojia, inaweza kusomwa kwa kufuata swali hilo moja.

Elimu hii huhesabu umri wake tangu mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Kabla ya hapo mambo ya nafsi yalikuwa mikononi mwa wanafalsafa, masufi, washairi na mabibi walea wajukuu. Wundt mwenyewe alikuwa na hadhari kuliko wengi waliokuja baada yake. Aliona kwamba maabara inafaa kwa mambo mepesi, kama vile muda anaouchukua mtu kuitikia sauti au mwanga. Ama lugha, mila na itikadi, hayo aliyatafutia njia nyingine, akayaandikia mijalada 10 kati ya mwaka 1900 na 1920. Warithi wake waliichukua maabara, mijalada wakaiacha rafuni. Mwaka 1913 John B. Watson, Mmarekani, alitangaza kwamba elimu hii ijishughulishe na mwenendo unaoonekana tu, na mazungumzo ya fahamu na yaliyomo moyoni yatupwe. Kwa tangazo hilo msamiati wote ambao watu huelezana nao kila siku, kataka, kaogopa, kanuia, kaona haya, ulitolewa nje ya mlango. Haukukatazwa barazani, maana baraza halina mkuu wa idara. Ulikatazwa chuoni.

Si kila mahali mambo yalikwenda hivyo. Katika nchi ya Kisovieti, Lev Vygotsky na kijana mwenziwe Alexander Luria waliamini kwamba fikra za mtu hujengwa na historia ya jamii yake na vyombo anavyovitumia, lugha na maandishi vikiwamo. Mwaka 1931 na tena 1932 Luria aliongoza misafara miwili kwenda Asia ya Kati, khasa Uzbekistan, akakaa na wanavijiji wasiojua kusoma pamoja na wengine waliokwisha kuonja skuli kidogo. Naye alikuwa na mtihani wa kupanga. Alionesha picha za nyundo, msumeno, shoka na gogo, akauliza kipi si cha jamaa hiyo. Jibu la chuoni ni gogo, kwa kuwa vingine ni zana. Wanakijiji walikataa kukitoa hata kimoja. Msumeno bila gogo utakata nini? Alipowaambia kwamba kuna mtu aliyelitoa gogo, walimwona mtu huyo kuwa hana akili.

Mtihani mwingine uliwafanya mashuhuri. Waliambiwa kwamba huko mbali kaskazini, kwenye theluji, dubu wote ni weupe. Na kwamba visiwa vya Novaya Zemlya viko huko kaskazini ya mbali. Basi dubu wa huko wana rangi gani? Wengi walijibu kwamba hawajui, kwani hawajafika. Mmoja alieleza kwamba yeye amemwona dubu mweusi, na kila nchi ina wanyama wake. Mmoja akasema kwamba lau angelikuja mzee wa miaka 60 au 80 aliyemwona dubu mweupe kwa macho yake, angelisadikiwa. Na yupo aliyetoa jibu lile lile lililotakiwa, lakini akalitanguliza sharti: kwa kuyafuata maneno yako wewe, basi watakuwa weupe.

Sharti hilo dogo lastahili kutazamwa. Mtu huyo aliweza kuunganisha hoja. Alichokataa ni kuubeba dhamana ukweli asioushuhudia. Msomaji wa pwani aliyepitia darsa za Hadithi haoni ajabu hapo, kwani amefundishwa kwamba khabari haipokelewi mpaka ajulikane aliyeipokea na kwa nani. Wanakijiji wa Uzbekistan nao walikuwa Waislamu, ingawa Luria hakuwauliza juu ya hilo. Yeye aliandika kwamba mawazo yao yamefungamana na mambo wanayoyaona na kuyatenda, na kwamba masomo machache tu, au kazi katika shamba la ushirika, yalitosha kuwabadilisha. Hili la pili lilikuwa na uzito mkubwa, kwani lilikata mzizi wa dhana kwamba akili za watu hutofautiana kwa kuzaliwa. Hata hivyo wakubwa wa siasa walimtuhumu kuwa amewatukana raia wa Asia ya Kati. Vygotsky alifariki mwaka 1934, na kitabu cha Luria hakikutoka hadi mwaka 1974, miaka zaidi ya 40 tangu safari ile.

Luria angalau aliyaandika majibu ya wanavijiji kwa ukamilifu, na ndiyo maana leo watu waweza kuyasoma na kumpinga kwa maneno ya wale wale aliowahoji. Huko Kenya, katika miongo iyo hiyo, hapakuwa na uungwana huo. Mwaka 1938 hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, ilikabidhiwa J. C. Carothers, tabibu wa serikali ya kikoloni ambaye hakuwa bingwa wa maradhi hayo. Alikaa hapo hadi mwaka 1950. Kutokana na wagonjwa aliowaona na vitabu alivyovisoma aliandika juu ya akili ya Mwafrika, Mwafrika mmoja tu kwa bara zima, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu. Humo alidai kwamba Mwafrika haitumii vya kutosha sehemu ya mbele ya ubongo wake, na alikuwa ameshamlinganisha na Mzungu aliyepasuliwa ubongo kwa ajili ya tiba.

Dai hilo lilitoka wapi? Halikutoka katika ubongo uliopimwa ukaonekana umelala. Lilikuwa ni yale yale yaliyokuwa yakisemwa na walowezi kwenye varanda zao jioni: kwamba mtumishi ni mvivu wa kufikiri, hapangi ya kesho, hashiki ahadi. Busara ya kila siku ya kundi moja la watu, tena kundi lenye maslahi, iliingizwa hospitali ikatoka imevaa koti jeupe. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ilimtaka Carothers aeleze saikolojia ya Mau Mau, naye akaandika kijitabu kilichopigwa chapa na mpiga chapa wa serikali. Ndani yake mashamba yaliyonyang'anywa hayakupewa uzito wa sababu. Uzito ulikwenda kwa nafsi ya Mkikuyu iliyotikiswa na mabadiliko. Aliunga mkono pia watu kukusanywa katika vijiji. Watu zaidi ya milioni moja walihamishwa wakatiwa vijijini humo, ndani ya maboma na chini ya ulinzi. Amri haikutoka kwa tabibu, lakini tabibu aliipa lugha ya kitaalamu. Frantz Fanon, ambaye naye alikuwa tabibu wa akili, alimtaja Carothers katika kitabu chake cha mwaka 1961 na kuuliza, kwa namna yake kali, ni elimu gani hiyo isiyoona kwamba anayetawaliwa ana sababu za kutotii.

Kwa hiyo si haki kulifanya jambo hili kuwa ni ugomvi wa chuo kibaya na baraza jema. Baraza nalo lina makosa yake, na walioyaonesha ni wanachuo.

Mwaka 1949 Paul Lazarsfeld, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akifundisha New York, alihakiki kazi kubwa iliyofanywa na Samuel Stouffer na wenzake juu ya askari wa Marekani wa Vita Vikuu vya Pili. Askari zaidi ya nusu milioni walikuwa wamehojiwa. Lazarsfeld aliwaorodheshea wasomaji baadhi ya matokeo: kwamba askari waliosoma walisumbuka nafsi zaidi kuliko wasiosoma, kwamba waliotoka mashamba walivumilia maisha ya jeshi kuliko waliotoka mijini, kwamba wenyeji wa kusini ya Marekani walilistahimili joto la visiwa vya tropiki kuliko wa kaskazini. Kila moja alilipa sababu yake. Msomaji alitikisa kichwa: haya si yanajulikana, fedha zote hizo za nini? Ndipo Lazarsfeld alipofunua kwamba kila moja ya kauli hizo ni kinyume cha kilichopatikana. Na lau angelitaja matokeo ya kweli tangu mwanzo, msomaji angelitikisa kichwa vile vile.

Wapenda methali wanaijua hila hii bila ya kwenda New York. Aliyeharakisha akaharibu huambiwa haraka haraka haina baraka; aliyesubiri akakosa huambiwa ngoja ngoja yaumiza matumbo. Zote mbili ni kweli, na zote mbili huja baada ya jambo kwisha. Methali haikutungwa ili itabiri. Imetungwa ili imfae mzee mwenye kujua ni ipi ya kutolewa leo na kwa nani, na ujuzi huo wa kuchagua haumo ndani ya methali yenyewe. Anayeichukua methali akaifanya kanuni huidhulumu, kama anavyoudhulumu utenzi mtu anayeusoma kwa kutafuta tarehe tu.

Kwa wapenzi wa ushairi huenda Fritz Heider ndiye wa kupendeza zaidi katika mlolongo huu. Naye alizaliwa Vienna, mwaka 1896, akahamia Marekani mwaka 1930. Mwaka 1944, yeye na Marianne Simmel walichapisha habari za filamu fupi waliyoitengeneza: pembetatu mbili, moja kubwa na moja ndogo, na duara, vikizunguka kando ya mstatili wenye mlango. Hapakuwa na sura, sauti wala maneno. Watu 34 wa kundi la kwanza walitakiwa waeleze walichokiona. Mmoja tu ndiye aliyesema habari za maumbo yanayosogea. Waliobaki walisimulia kisa: huyu mkubwa mjeuri, hawa wawili wanapendana, wamemfungia ndani, wamekimbia. Msamiati ule uliofukuzwa na Watson ulikuwa umerejea kupitia dirishani, tena kwa ajili ya vipande vya karatasi. Katika kitabu chake cha mwaka 1958 Heider alisema wazi kwamba watu wa kawaida wana saikolojia yao, isiyoandikwa, wanayoishi kwayo, na kwamba mtaalamu ana wajibu wa kuichunguza: pale ilipo sahihi ajifunze kwayo, na pale ilipokosea makosa yake yamsaidie kufahamu kwa nini watu hutenda watendavyo. Hakuona aibu kuchukua mifano katika hadithi na tamthilia.

Wakati Carothers akiandika kijitabu chake cha Mau Mau, upande wa pili wa Ziwa Victoria mwanamke mmoja alikuwa akiifanya kazi hiyo kwa unyenyekevu wa aina nyingine. Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954 akimfuata mumewe aliyepata kazi Kampala. Hakuwa na maabara. Alipata mkalimani, akawa anakwenda katika vijiji vya karibu na mji, nyumba kwa nyumba, kila baada ya wiki mbili hivi, kwa miezi kadhaa. Nyumba zilikuwa 26 na watoto wachanga 28. Aliketi sebuleni alasiri, akaangalia mtoto anamlilia nani, anamkimbilia nani, anatambaa umbali gani kabla ya kugeuka kumtazama mama, na akazungumza na akina mama.

Alikuja na dhana iliyosomwa: kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu mama humlisha. Aliyoyaona hayakukubaliana nayo. Mtoto hakukaa kungoja kulishwa. Alitafuta, aliita, alifuata. Zaidi ya hayo, Ainsworth alihitaji kipimo cha namna mama anavyomwangalia mwanawe, na kipimo alichokipata kilikuwa ni mazungumzo yenyewe. Wapo akina mama waliokuwa hodari wa kueleza: huyu hulala hivi, hulia hivi akiwa na njaa na vile akiwa na hofu, jana alifanya kadha. Wapo wengine walioyapeleka mazungumzo kwengine. Watoto wa wale waliojua kueleza ndio waliokuwa na utulivu zaidi. Kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya watoto wachanga wa Uganda kimesimama juu ya maarifa hayo, maarifa ya mama anayejua kilio cha mwanawe, ambayo mwalimu wa chuo angeliyaita ya mtaani.

Historia haikuishia kwenye unyenyekevu huo. Huko Baltimore, Ainsworth alitengeneza jaribio la dakika 20 hivi, ambamo mama hutoka chumbani akamwacha mtoto na mgeni, kisha hurudi. Jaribio hilo likasambaa duniani kote, likapimia watoto wa nchi mbalimbali, na baadhi ya wataalamu wakauliza kama linafaa kwa mtoto ambaye tangu azaliwe amebebwa na bibi, shangazi, dada na jirani. Ni swali la haki, na laweza kuulizwa na mtu yeyote aliyelelewa katika nyumba ya Kiswahili.

Katika Uganda hiyo hiyo, Mallory Wober aliwauliza Waganda maana ya neno lao obugezi, ambalo kamusi hulitafsiri kuwa akili. Makala yake ilitoka mwaka 1974. Wanavijiji walilihusisha na utaratibu wa mwendo, uangalifu na kutopapia mambo, ilhali mtihani wa akili wa Kizungu huendeshwa kwa saa na humpa alama anayewahi. Kwa Wajaluo wa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta maneno manne mahali ambapo mtihani una moja: rieko, ambalo ni ujuzi na uwezo, luoro, adabu na kuheshimu wengine, paro, kufikiri na kuanzisha jambo, na winjo, kufahamu hali ilivyo. Mtihani wa skuli hulifikia la kwanza tu. Mwaka uo huo ulitoka utafiti mwingine wa Usenge, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Watoto 85 walipimwa wanavyozijua dawa za mitishamba za kwao, na ikaonekana kwamba waliozijua zaidi walielekea kupata alama za chini zaidi katika msamiati wa Kiingereza. Mtoto aliyetumia siku zake kwa babu hakuzitumia darasani, na aliyezitumia darasani hakuzitumia kwa babu.

Pwani nayo ina ukurasa wake. Katika skuli za karibu na Bagamoyo, Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao waliwapa watoto zaidi ya 300 mitihani ya aina ile ile iliyosafiri kutoka Uzbekistan hadi Liberia: kupanga kadi, kuunganisha hoja, kutafuta kilichofichwa kwa maswali 20. Matokeo yalitoka mwaka 2002. Safari hii watafiti hawakuchukua alama na kuondoka. Baada ya mtihani wa kwanza waliwakalisha watoto kwa muda usiofika saa moja, wakawaonesha mchezo huu unachezwa vipi: ukipanga kadi unatafuta nini, swali lipi hupunguza mengi kwa mara moja. Kisha wakawapa mtihani tena. Alama zilipanda, na hazikupanda sawa kwa wote. Na zile za mara ya pili zilielezea uwezo wa mtoto katika mitihani mingine vizuri zaidi kuliko zile za mara ya kwanza, ambazo kwa kawaida ndizo pekee zinazoandikwa katika cheti.